Shela jeupe pee: Jumatatu moja studio kwangu, Mwanjelwa

Saa 12:00 asubuhi

Mwezi wa sita hapa Mbeya hakuna anayetoka kitandani kwa hiari yake. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, maji ya ndoo yanang'ata, nimepiga mswaki nikiwa na koti. Usiku nimelala saa saba nikihamisha picha za harusi ya Jumamosi kwenda kwenye kompyuta. Kadi yenyewe sijaifuta. Kwangu kadi haifutwi mpaka mteja awe na albamu mkononi, na kisa cha kufika kwenye sheria hiyo nitakisimulia siku nyingine nikiwa na nguvu.

Saa 1:30

Daladala kutoka Uyole imejaa mpaka mlangoni. Mwanjelwa wenye viazi na parachichi wameshapanga mafungu yao. Studio yangu ni chumba kimoja: pazia la bluu la pasipoti saizi, taa mbili, stuli, na kwenye kona ya ndani kabisa, kompyuta. Dogo ninayemfundisha kazi ameshafagia na kuagiza chai na chapati.

Mpaka saa tatu ni pasipoti saizi tu. Wanafunzi wanne, na mzee mmoja aliyebishana nami kuhusu kofia yake.

Saa 3:10

Nafungua folda ya harusi.

Jumamosi, kwenye kioo cha kamera, picha hizi zilikuwa tamu. Sasa bibi harusi uso unang'aa kama kapakwa mafuta ya nazi kisha akamulikwa tochi. Shela jeupe pee. Ile lesi ya maua mabegani, ambayo mama yake aliniambia mara tatu nisiikose, haipo. Dogo kasimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Braza, hizi mwanga umezidi."

Mikono ikaniingia baridi, na safari hii siyo ya Juni.

Siku nyingine ningekimbilia kushusha mwanga picha zote kwa mkupuo. Leo nimeiacha mausi mezani, kwa sababu Machi ilinifundisha. Skrini hii niliinunua mtumba, kubwa, ya kuvutia, na kazi ya kwanza niliyoifanyia ilikuwa picha za kipaimara. Zote zilionekana nyeupe kupita kiasi. Nikazishusha moja moja, usiku kucha, nikapeleka kusafisha. Zikarudi nyeusi tii. Watoto wamevaa nguo nyeupe lakini utadhani wamepigwa picha umeme umekatika. Nikarekebisha upya, nikasafisha upya, fedha ikatoka mfukoni mwangu. Ndipo nilipoanza kuiamini grafu kuliko macho.

Grafu yenyewe, histogramu, ni kilima kidogo pembeni mwa programu. Kushoto kabisa ni weusi, namba 0. Kulia kabisa ni weupe, namba 255. Kilima kikisimama katikati na kuteremka taratibu kabla ya kufika ukuta wa kulia, picha ni nzima, hata kama kioo kinakuonyesha theluji. Kilima kikijibamiza kwenye ule ukuta wa kulia, hapo kuna kilichopotea.

Nikaanza na picha za kanisani. Kilima katikati, kimetulia. Kwenye kioo, bado nyeupe. Basi hapo mwongo ni kioo.

Saa 4:00

Nimeingia kwenye menyu ya skrini kwa vile vitufe vya chini ambavyo vidole vyangu havijawahi kuvizoea. Mwanga: 100. Mtindo wa picha: filamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Februari na mimi sikuwahi kuchungulia!

Skrini nyingi zinatoka kiwandani zimefunguliwa mwanga hivyo ili zing'ae dukani chini ya mataa. Nyingi zinafika kandela (kipimo cha mwanga) 250 au 300 kwa kila mita ya mraba. Anayetengeneza picha za kusafishwa kwenye karatasi anatakiwa awe kama kwenye 80 mpaka 120. Vipo vifaa vya kupimia, unavibandika kwenye kioo na vinakupa jibu. Mimi nina karatasi ya A4. Nimefungua ukurasa mweupe mtupu, nimeshika karatasi pembeni mwa skrini, nimeondoa ule mtindo wa filamu, kisha nikashusha mwanga mpaka ukurasa na karatasi vikafanana. Namba ikasimama kwenye 28.

Kona yenyewe nayo ina kesi. Niliiweka kompyuta kule ili jua la mlangoni lisipige kwenye kioo, lakini gizani mboni ya jicho inapanuka, na kila chenye mwanga kinaonekana kikali zaidi ya kilivyo. Nimewasha taa ya dari na kuiacha.

"Lakini braza, mimi bado naziona zimepauka kidogo."

"Kaa chini."

Akakaa kwenye stuli, macho yakalingana na katikati ya kioo. "Eeh. Imerudi." Skrini yetu ni ya teknolojia ya zamani, TN. Ukiitazama kutoka juu inapauka, ukiitazama kutoka chini inaingia giza. Miezi minne nimekuwa nikibishana na Dogo kuhusu mwanga, mimi nimekaa, yeye kasimama.

Saa 5:30

Picha za kanisani sasa ziko sawa bila kuguswa. Nikafurahi, nikaagiza chai ya pili, nikahamia za bustanini.

Nyeupe pee.

Nikatazama kilima: kimejibamiza ukutani. Hapa kioo hakina kosa. Nikafungua taarifa za faili, zile ambazo kamera inaandika yenyewe kwa kila picha: saa saba na dakika kumi na mbili mchana, na pale kwenye marekebisho ya mwanga, +1. Niliiweka mimi kwa mkono wangu.

Nikaikumbuka ile dakika. Sisi hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Juni ukungu ukishaondoka anga linabaki tupu, jua linachoma huku kivulini unatetemeka. Nilitazama kioo cha kamera kwenye jua lile, nikaona picha ni nyeusi. Kumbe picha haikuwa nyeusi, ni jua lililokizidi nguvu kile kioo kidogo. Nikaongeza hatua moja, na hatua moja ni mwanga mara mbili. Tena kwenye picha nyingi suti nyeusi ya bwana harusi imejaa fremu, na kamera ikiona weusi mwingi huwa inaongeza mwanga yenyewe ili vyote viwe kijivu cha kati. Tukaongeza wawili, kila mtu kwa upande wake.

Ukumbini usiku ni kinyume. Kioo kilekile gizani kinaonekana kama taa, unadhani umezidisha, unapunguza, nyumbani unakuta watu ni vivuli.

Saa 6:15 mchana

Nilipiga kwa RAW, yaani faili ghafi, kabla kamera haijaipika picha, ashukuriwe Mungu. Dogo kaniuliza swali zuri: mbona ukifungua picha inakuja nzuri, halafu baada ya nusu sekunde inabadilika? Ile ya kwanza ni JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, ndogo, ambayo kamera inaificha ndani ya faili la RAW, imeshapikwa na kuungwa na kamera yenyewe. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye kioo cha kamera. Kisha programu inaisoma RAW na kuipika kwa mapishi yake. Mpishi mwingine, chumvi nyingine.

JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. RAW yangu ya biti 14 ina 16,384. Ndiyo maana nilipovuta mwanga chini, polepole, lesi ikaanza kurudi: kwanza majani, kisha ua moja, kisha bega zima. Nilikuwa nimeshika pumzi.

Nne zimegoma. Kwenye hizo bega limeelekea jua moja kwa moja na rangi zote tatu, nyekundu, kijani na bluu, zimefika mwisho. Ukishusha mwanga hairudi lesi, linakuja doa la kijivu kama ukuta wa chokaa uliolowa. Nimeziweka kwenye folda ya peke yake, sikuipa jina.

Saa 8:00

Umeme umekatika. Wali maharage na parachichi nusu.

Saa 9:40

Umerudi. Nimemtuma Dogo mjini na picha tatu za majaribio: moja ya kanisani, moja ya bustanini niliyoiokoa, moja ya ukumbini. Saa kumi na nusu karudi nazo kwenye bahasha. Tumezishika pembeni mwa skrini chini ya taa. Ya ukumbini imeingia giza kidogo, nimeiongeza kidogo sana. Nyingine zimelandana na kioo. Nilizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa 11:10 jioni

Mama wa bibi harusi kaingia, khanga mabegani juu ya sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchagua zangu."

Nimempa kiti, nimekishusha mpaka macho yake yakae vizuri mbele ya kioo. Kanisani kachagua sita. Bustanini kaiona lesi, kaigusa kwenye skrini kwa kidole, hakusema kitu, akaguna tu kwa kuridhika. Nikaona nimtangulie kabla hajagundua mwenyewe, nikamwambia zipo nne nilizoziharibu mimi, mwanga ulizidi, hazitengenezeki, na sitamdai hela yake.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Ya tatu kainamia karibu. Shela lote bega la kushoto ni kama karatasi. Nyuma ya bibi harusi kuna mama mmoja wa gauni la kitenge, kafumba macho, kinywa wazi, anacheka mpaka kashika kiuno.

"Hii weka kubwa. Ya fremu."

"Mama, hii shela limekufa."

"Shela tulikodi," akasema. "Huyu ni wifi yangu. Hatujaongea miaka miwili."

Nimeandika namba ya picha kwenye daftari na saizi ya fremu. Kaniuliza kama kuna nyingine wifi yake akicheka. Tukaanza kutafuta upya, toka mwanzo wa folda.