Picha za buluu na vioo katika chumba kimoja

Kazi zangu zilikuwa za aina mbili zisizoelewana kuhusu mwanga. Sayanotaipu, zile picha za buluu zinazochapwa kwa chumvi za chuma na jua, hufifia zikimulikwa mno. Kioo cha rangi nacho gizani hakisemi kitu. Na chumba nilichopewa kwa maonyesho kilikuwa na dirisha moja tu.

Nilianzia hapo dirishani. Vioo vya rangi nilivyoviunganisha kwa joto la tanuri nilivining'iniza upande huo, mbali kidogo na ukuta. Kioo kikigusa ukuta hupoteza kivuli chake, na kwangu kivuli ni nusu ya kazi. Ukikivuta mbele, kivuli hutanuka na kingo zake hulegea. Ukikirudisha nyuma, kinakaza. Hapo nilichezea muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Picha za buluu nilizipeleka ukuta wa ndani, chini ya taa nilizopunguza hadi karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kiwango ambacho makumbusho hutumia kwa kazi zinazodhurika upesi na mwanga. Sayanotaipu iliyofifia ukiilaza gizani hurudisha sehemu kubwa ya rangi yake. Isichosamehe ni alkali, kinyume cha asidi. Kadi nyingi za kuhifadhia picha hutiwa chokaa ili kuzuia asidi, na chokaa hiyohiyo huila buluu. Nikamwambia fundi wa fremu nataka kadi isiyo na asidi na isiyotiwa chokaa. Aliniona msumbufu, lakini akaitafuta.

Ambrotaipu, picha za kolodioni, kimiminika cha kunata kinachopakwa juu ya kioo, zilikaa katikati. Kwa asili ni negativu hafifu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi. Ukiweka kitu cheusi nyuma ndipo sura hujitokeza ilivyo. Moja niliiwekea kitambaa cheusi nusu tu, watu waone uso ukigeuka.

Majina ndiyo yaliyonikosesha usingizi. "Bila Jina" na namba yake sikutaka. Huo naona ni uvivu uliovaa suti. Miaka ya 1840, Anna Atkins, Mwingereza mtaalamu wa mimea, aliweka maandishi pamoja na mwani juu ya karatasi, jua likachapa vyote kwa pamoja. Nilimuiga: kwa picha za mimea niliandika jina kwa wino mzito kwenye plastiki angavu, likatoka jeupe ndani ya buluu. Kwingine nilijiwekea sharti kwamba jina lisitaje kinachoonekana. Picha ya unyoya ikaitwa "Aliyetangulia".

Chini ya jina, kibandiko kilibeba mwaka, mbinu, kimo kisha upana, na "nakala pekee" panapostahili. Mwanzoni kwenye mbinu niliandika "sayanotaipu", na wageni wakawa wanauliza nimetumia printa gani. Nikabandika upya: "karatasi, chumvi za chuma, jua, maji". Maswali ya printa yakaisha, wakahamia kuuliza bei ya vioo.