Mistari ya shati la Roblox ikutane kwenye mshono

Kiolezo (picha tupu ya kuchorea) cha shati la kawaida la Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, kina pikseli 585 kwa 559. Usikipanue wala kukipunguza. 

Visanduku vya mbele na nyuma ya kiwiliwili ni 128 kwa 128, ubavu ni 64 kwa 128, na kila upande wa mkono pia ni 64 kwa 128. Kimo ni kilekile, kwa hiyo hesabu ni rahisi: mstari ulioanza pikseli 40 kutoka juu ya kifua uanze pikseli 40 kutoka juu ya mkono. Pima kutoka ukingo wa kisanduku chenyewe, si wa picha nzima.

Kinachowachanganya wengi ni mpangilio wa mikono. Ukihesabu kutoka kushoto, mbele ya mkono wa kulia ni kisanduku cha mwisho, ila mbele ya mkono wa kushoto ni cha kwanza. Ukinakili mkono mmoja na kuubandika upande wa pili bila kupanga upya, nembo ya bega itatokea nyuma ya mkono.

Ukiona uzi mweupe kwenye mishono, brashi yako ni laini mno. Tumia ya ncha kali, kisha vusha rangi pikseli moja nje ya kisanduku. Hifadhi kwa PNG. JPG haibebi uwazi, na shingo iliyopaswa kuonyesha ngozi itazibwa.

Kagua kwanza kwenye mwili wa R6 (mhusika wa vipande sita), halafu R15 (wa vipande kumi na vitano), maana huu wa R15 hukunja kiwiko.