Kumbukumbu ya motahomu yangu: kabla hujailaumu betri, pima waya

Naandika hii sasa hivi manake kazi ya umeme imefika mahali inaeleweka, na najua kuna watu wana gari kama hili wanahangaika na yaleyale. Motahomu yenyewe, yaani gari lenye nyumba ndani, ni ya zamani kidogo, injini nzima, bodi nzima, ila umeme wa ndani ulikuwa unasumbua kweli: pampu ya maji ikiwaka taa zinafifia, friji inakata usiku wa manane, na kila aliyeliangalia alisema kitu kimoja tu, betri imekufa nunua nyingine. Mi nikasema sawa, inawezekana imekufa, ila nataka kwanza kujua imeuliwa na nini, la sivyo hata mpya itakufa hivyohivyo.

Nilipoanzia

Kwa asiyejua, gari la hivi lina betri mbili tofauti kabisa. Ya injini kazi yake ni kutoa ampea mamia kwa sekunde chache stata izungushe injini, kwa hiyo plati zake, zile bamba za ndani, ni nyembamba na nyingi. Ya ndani inatoa kidogokidogo masaa mengi, taa, friji, feni, pampu, kwa hiyo plati zake ni nene. Ukichukua betri ya injini ukaifanyisha kazi ya ndani itakubali, ila ukiimaliza chaji mara kwa mara plati zinaharibika haraka sana. Mfumo huu wa risasi na tindikali ni wa tangu 1859, Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeutengeneza, na mpaka leo seli moja ni ileile volti 2 na kidogo, sita zikipangana unapata 12.7 hivi betri ikiwa imejaa na imetulia.

Hilo neno imetulia ni la muhimu jamani. Ukipima mara tu baada ya kuchaji unapata namba tamu isiyo ya kweli, na ukipima kuna kitu kinavuta unapata namba ya chini isiyo ya kweli pia. Iache masaa kadhaa bila kuchaji bila kutumia, ndio upime. 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 kushuka chini unaiumiza. Ya kwangu ilisoma 12.5 asubuhi. Si mbaya hata kidogo, na usiku uleule friji ilikuwa imekata.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka hii habari ya betri imekufa.

Kupima kitu kikiwa kinafanya kazi

Testa ya kawaida tu ya kupimia volti inatosha, ya bei ya chini haina shida, kikubwa ni wapi unaweka zile ncha mbili. Niliwasha friji, nikasubiri kompresa izunguke, nikapima kwenye vichwa vya betri: 12.5. Nikaenda nyuma ya friji nikapima pale waya zinapoingia: 11.1. Yaani volti 1.4 imepotelea njiani! Friji za kompresa nyingi zina ulinzi wa kukata volti ikishuka, mahali fulani kati ya 10 na 12 kutegemea ulivyoiseti, kwa hiyo yenyewe ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, inaambiwa betri imeisha inakata.

Sasa kujua imepotelea wapi. Hapa kuna njia nzuri sana ambayo natamani kila mwenye gari aijue, unaweka ncha moja ya testa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya friji, friji ikiwa inazunguka. Kama waya ni mzuri utaona karibu sifuri. Mi niliona 0.6. Halafu hasi kwa hasi hivyohivyo: 0.8. Jumla ndio ile 1.4, hesabu inafunga.

Upande wa chanya waya ulikuwa wa 1.5mm za mraba, urefu mita 6. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita ukigawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba, kwa hiyo 0.0175 mara 6 gawa kwa 1.5 unapata omu 0.07, friji inavuta ampea 5, inapotea volti 0.35. Iliyobaki, 0.25, ilikuwa kwenye kishikilia fyuzi, kimeota kutu ya kijani ndani na plastiki imeanza kubadilika rangi kwa joto. Upande wa hasi ndio kulikuwa na jambo. Waya mfupi tu unaenda kwenye chasi, lakini bolti ya athi, ile inayoshika hasi kwenye chasi, imefungwa juu ya rangi, na chini ya rangi kutu. Volti 0.8 zote karibu zinaishia pale. Zidisha kwa ampea 5, ni wati 4 za joto kwenye bolti moja, masaa yote friji ikizunguka.

Nilichofanya: waya mpya wa 6mm kwenda na kurudi, chanya na hasi, hasi isipitie chasi tena irudi yenyewe mpaka kwenye betri, fyuzi mpya karibu kabisa na betri. Kuhusu fyuzi nisisitize, fyuzi kazi yake ni kulinda waya, ndio maana inakaa karibu na betri, sababu ukiiweka mwisho kule kwenye friji na waya ukachubuka katikati ukagusa bodi, kipande chote cha kabla ya fyuzi kinakuwa moto na hakuna cha kukata. Baada ya hapo hesabu ya waya mpya ni omu 0.035, inapotea chini ya volti 0.2, na kweli nyuma ya friji nikapata 12.3. Friji haijakata usiku tena, na betri ni ileile iliyokuwa inaitwa maiti.

Ila betri nayo ilikuwa inaumwa

Nisiseme uongo, ilikuwa inaumwa kweli. Ni ile ya vifuniko unaongeza maji, kwa hiyo nikapima tindikali na haidromita, ule mrija wa kioo wenye kielea ndani. Ikijaa inatakiwa 1.265 na kuendelea. Seli tano zilikuwa 1.24 hivi, ya sita 1.15, na haipandi hata ukiichaji usiku kucha. Seli moja ikienda betri nzima imeenda.

Swali langu lilikuwa kwa nini, na jibu nililipata kwenye waya tena. Nikawasha injini, altaneta, ile jenereta ya injini, inatoa 14.4 vizuri tu, lakini kwenye betri ya ndani inafika 13.6. Waya mrefu, mwembamba, na rilei katikati, yaani swichi inayojiwasha kwa umeme, ambayo sehemu zake za kugusana zimeungua. Betri ya tindikali inataka volti 14.4 mpaka 14.8 kwa masaa ya kutosha ndio ijae, na ile sehemu ya mwisho kuanzia asilimia 80 ni polepole sana, ni kama kujaza kibuyu chenye shingo nyembamba, hata ufungue bomba namna gani kasi ni ya shingo. Kwa 13.6 na safari za saa moja moja haijai milele. Ikikaa nusu nusu wiki hadi wiki, salfeti inaganda kwenye plati inakuwa ngumu, na hiyo hairudi. Kwa hiyo ndio, betri ilikufa, lakini waya ndio uliokuwa unaiua taratibu miaka yote hiyo, na ingenunuliwa mpya ikawekwa palepale ingekufa vilevile.

Kuhesabu badala ya kubahatisha

Kabla ya kununua chochote nikafunga shanti. Hiki ni kipande cha chuma kwenye waya wa hasi kinachopima ampea zinazoingia na kutoka, kisha kinahesabu zimebaki ngapi. Sharti moja tu, hasi zote zipite kwake, ukiacha hata waya mmoja umeenda moja kwa moja kwenye betri hesabu inakuwa ya uongo na hutajua.

Nilichojifunza humo kimenishtua. Friji inavuta ampea 5 lakini haizunguki muda wote, kama theluthi, kwa hiyo siku nzima ni ampea-saa 40 hivi. Taa za LED ni kitu kidogo mno, hata sizihangaikii tena. Ila nikizima KILA kitu, bado inatoka ampea 0.3. Redio inakumbuka stesheni, kingʼora cha gesi kinasikiliza, ile paneli ya ukutani yenye vitaa. 0.3 unaona si kitu, lakini mara 24 ni 7.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 100 inakauka haifiki wiki mbili gari limeegeshwa tu limefungwa! Watu wangapi wanaliacha gari mwezi wakirudi betri chini wanalalamikia betri. Nimeweka swichi kubwa ya kukata kila kitu, isipokuwa kingʼora cha gesi, kile kina laini yake na kinaishi na sola, hicho sikizimi.

Betri mpya

Nimechagua lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, LiFePO4. Nimefikiria sana kabla. Ya tindikali ukitaka idumu unatumia nusu yake, kwa hiyo 100 ni kama 50, na ina kilo karibu 30. Ya lithiamu ya 100 unatumia karibu yote, kilo 12 hivi, na mizunguko ya kujaza na kumaliza ni elfu kadhaa badala ya mamia. Kwenye gari uzito ni jambo kubwa.

Lakini si kutoa hii kuweka ile. Kwanza usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, seli zinaharibika moja kwa moja, kwa hiyo hakikisha bodi ya ulinzi ya ndani yake inakata kwenye baridi. Pili volti haikwambii kitu tena, toka asilimia 80 mpaka 30 inacheza karibu 13.3 mpaka 13.0 tu, testa haikusaidii hapo, shanti ndio macho yako. Tatu inapokea chaji kwa pupa, ukiiunga na altaneta kwa rilei tupu inaweza kuvuta mpaka altaneta ichemke. Nimeweka chaja ya DC kwa DC ya ampea 30 katikati, inachukua chochote cha altaneta inatoa 14.4 safi inayotakiwa, na inazuia betri isipokee zaidi ya ampea 30. Wenye magari mapya kifaa hiki hawana hiari nacho, manake altaneta za siku hizi zinaongozwa na kompyuta na zinashusha volti makusudi kubana mafuta, rilei ya zamani haitachaji vizuri.

Na chaja zote lazima zisetiwe za lithiamu. Ile hatua ya kusawazisha inayopandisha volti 15 na zaidi kwa ajili ya betri za maji, izimwe.

Sola

Hapa nitapita haraka. Paneli mbili za wati 100. Paneli ya 100 inafanya kazi vizuri kwenye volti 18 na ampea 5.5, kontrola (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) ya aina ya PWM inaishusha mpaka volti ya betri, 13 mara 5.5, unabaki na wati 72 hivi. Ya aina ya MPPT inabadilisha ile ziada kuwa ampea, ndio niliyoweka. Nimeziunga sambamba sababu juu ya gari kuna kivuli cha feni kinachotembea, moja ikifunikwa nyingine iendelee. Kufunga, betri kwanza halafu paneli, kufungua paneli kwanza halafu betri, kontrola isije ikabaki na paneli peke yake.

Ninachokagua sasa

Baada ya barabara mbovu napita na spana kwenye kila nati ya betri na fyuzi kubwa, mtikisiko unalegeza. Nikiwa natumia umeme mwingi napitisha kiganja karibu na viungo, chenye joto kuliko wenzake kina tatizo hata kama kinafanya kazi. Nikifungua betri naanza na hasi, spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya isipige shoti. Betri ya injini bado ni ya maji, kwa hiyo maji ya betri yaliyokenekwa (distilled) tu, nayaongeza baada ya kuchaji si kabla, dirisha wazi manake inatoa haidrojeni. Unga mweupe kwenye vichwa nausafisha kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, vifuniko vikiwa vimefungwa yasiingie ndani. Upande wa umeme mkubwa, ule wa kuchomeka nje, nimemwachia fundi mwenye leseni na nimemwomba apime mpaka ile swichi ya kukata uvujaji.

Kilichobaki ni invata ya wati 1000, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Hiyo itavuta karibu ampea 100 kwenye volti 12, na gari lilikuja na kebo za 10mm kwa ajili yake. Kwa mita 3 kwenda na kurudi hizo zinapoteza nusu volti na kutoa wati 50 za joto ndani ya kabati la mbao. Nimeshazitoa. Nasubiri za 35mm na lagi zake, vile vichwa vya kebo, nibane kwa koleo la haidroliki, fyuzi sentimita chache toka kwenye betri, halafu niiwashe na mzigo mkubwa nipime chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nataka kuona 0.15 au chini ya hapo kwa jumla, ikizidi nafungua kiungo kimoja kimoja.