Buibui asiyevaliwa: siku moja kazini, Unguja

Saa 12:30 asubuhi. Kabla hata ya chai nafungua kompyuta nimtazame buibui kalala wapi. Mtaani kwetu wameshasikia kwamba nafanya kazi ya buibui, na mama kachoka kuwasahihisha. Mwaka jana jirani mmoja alileta kitambaa nimshonee kabla ya Idi. Buibui wangu mimi ni programu. Unampa anwani ya mwanzo ya tovuti, anausoma ukurasa, anafuata kila kiungo alichokikuta humo, na viungo vya huko aendako, mpaka tovuti imwishie. Anarudi na orodha: hapa kiungo kimekatika, huku hakuna kichwa, picha hii haina maelezo.

Jana usiku nilimwachia tovuti ya hoteli moja ya pwani ya mashariki, vyumba 38. Nilitegemea kurasa mia sita hivi. Namkuta yuko kwenye 31,000 na bado anatambaa. Nikaangalia anasoma nini: Machi 2071. Kalenda ya kuwekea chumba ina kitufe cha "mwezi ujao", kila mwezi una anwani yake, basi kaingia humo na anagonga mlango mmoja mmoja, miaka arubaini na kitu mbele. Nilicheka, lakini buibui wa Google naye anapita mlango huohuo. Muda anaoutumia kuhesabu miezi mitupu ni muda ambao haendi kuisoma ofa mpya ya hoteli.

Nikaandika sharti la kuiruka kalenda, nikamrudisha mwanzo.

Saa 2:15. Chai, mkate wa kumimina, mzunguko wa pili unaendelea. Natumia Screaming Frog, programu ya Waingereza. Ya bure inaishia anwani 500, ya kulipia haina mpaka huo. Nilipoanza kazi hii buibui wengi walisoma msimbo ulivyotoka kwenye seva, basi. Tovuti kama hii, ambayo bei na picha zinajazwa na JavaScript, msimbo unaofanya kazi ndani ya kivinjari, baada ya ukurasa kufunguka, ungeletewa maganda matupu. Siku hizi buibui anafungua ukurasa ndani ya kivinjari kama mtu, anasubiri ujae, ndipo anasoma. Ni mzito zaidi, na seva ya hoteli ni dhaifu, kwa hiyo nimempunguzia mikono: badala ya kurasa tano kwa mpigo, mbili.

Saa 3:40 umeme ukakatika. Zamani hapa ningelia, maana kila alichokusanya kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta na betri yangu ni ya jina tu. Sasa anaandika kwenye diski kadiri anavyokwenda. Umeme uliporudi saa 4:20 niliendelea palepale.

Saa 5:00. Matokeo. Toleo la 21 la Screaming Frog, la Novemba 2024, lilimwingizia buibui kanuni za axe, zile zinazokagua kama tovuti inatumika na asiyeona, asiyeshika kipanya, au mwenye macho hafifu. Kabla ya hapo nilikagua ufikivu ukurasa mmoja mmoja, na nikiri kwamba nilikuwa nachagua kurasa kumi nzuri na kuziombea dua zilizobaki.

Hoteli ina makosa 1,140 ya rangi. Meneja akiiona namba hiyo atazimia, kwa hiyo siipeleki hivyo. Nikafungua mifano: ni kitufe kimoja, maandishi meupe juu ya feruzi, kimerudiwa kila ukurasa, baadhi mara mbili. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unataka maandishi ya kawaida yapishane kwa mng'ao na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Hiki kina 1.64. Mtu mwenye macho mazima, amekaa Paje saa sita mchana na simu mkononi, hakisomi pia. Dawa yake mstari mmoja. Wakaguzi wanaotuma ripoti za maelfu ya makosa bila kusema kwamba ni kosa moja, nadhani wanauza hofu.

Saa 7:10. Niko na sahani ya wali, mwenzangu anapiga simu kutoka Dar. Yeye haoni tangu utotoni. Anatumia NVDA, kisoma skrini cha bure, na kila tovuti niliyoikagua namlipa aipitie kwa masikio.

"Dada, hoteli yako inazungumza Kiswahili kama mtalii wa siku ya kwanza."

"Vipi kaka?"

"Sikiliza." Akaweka simu karibu na spika. Kitufe cha Lipa sasa kikatamkwa *laipa sasa*. Chumba cha watu wawili sikukitambua kabisa.

Nikafungua msimbo. Kurasa za Kiswahili zimenakiliwa kutoka za Kiingereza, na juu kabisa pamebaki lang="en". Kisoma skrini kimeambiwa ni Kiingereza, kikatii. Kilichoniuma ni kwamba buibui alizipitisha zote, kijani tupu. Kanuni inauliza: lugha imetajwa? Imetajwa. Ni alama halali? Ndiyo, "en" ni halali. Kama ni kweli haiulizi.

Saa 8:00. Toleo la 20 liliruhusu umtungie buibui kazi zako mwenyewe kwa JavaScript, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nikamtungia: kila ukurasa, hesabu maneno "ya", "wa", "kwa", "katika", "hii"; hesabu "the", "of", "with"; linganisha na lugha iliyotajwa juu; zikipingana, piga kelele.

Mara ya kwanza alipiga kelele kila mahali, hata kwenye kurasa za Kijerumani, kwa sababu sehemu ya chini ya tovuti nzima ina aya ya Kiswahili. Nikamwambia asome sehemu kuu tu, na ukurasa wenye maneno chini ya arubaini auache. Mara ya tatu akatulia. Kurasa 74, zote za Kiswahili, zote zinadai ni Kiingereza.

Saa 10:00. Meneja kwenye simu. Swali la kwanza, kama kawaida: "Tutapanda Google?" Kwa kalenda, huenda. Kwa lang, nilimwambia ukweli: Google haiitazami alama hiyo, inaitambua lugha kwa maandishi yenyewe. Hii ni ya mgeni wako asiyeona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wakala wao wa Ujerumani ameshawaandikia kuuliza habari za ufikivu, tangu sheria ya Ulaya ianze kutumika tarehe 28 Juni 2025. Basi tukaelewana.

Picha zikachukua muda mrefu. Zote zina maelezo ya kumsomea asiyeona, na maelezo yote ni "picha1", "picha2". Buibui karidhika tena. Nilijaribu kuziandikisha kwa akili bandia, maana siku hizi inaunganishwa humohumo, ikanipa "Mashua ufukweni". Meneja, mtoto wa mvuvi, akakasirika: "Mashua wapi? Hiyo ngalawa, huoni mbawa zake?" Nikamwomba aandike yeye. Alimaliza kumi na mbili tukiwa kwenye simu, moja baada ya nyingine, na sikubadilisha neno.

Saa 12:20 jioni. Fundi wao amebadilisha kurasa tatu za majaribio kuwa "sw", yaani Kiswahili. Nikamtumia mwenzangu kiungo, nikaenda kuswali. Niliporudi kuna ujumbe wa sauti. *Lipa sasa*, safi kabisa. *Chumba cha watu wawili*, safi. Kisha jina la chumba, ambalo hoteli imeliacha kwa Kiingereza katikati ya sentensi, Sea View, likatoka *sea vieu*, kila herufi na haki yake, na nyuma yake namsikia anavyocheka.

Kwenye karatasi ya kesho nimeandika maneno mawili: Sea View. Kisha nikamwachia buibui mzunguko wa usiku.