Gochujang ya haraka, bila pombe, kwenye jiko la Jeonju

Ukihamia Korea nawe unachunga halali na haramu, macho yako yatazoea maandishi ya mgongoni mwa makopo kabla hayajazoea majina ya vituo vya basi. Nguruwe hana shida, neno lake utalishika wiki ya kwanza. Msumbufu ni 주정, jujeong, pombe ya kukeneka inayotiwa kwenye vyakula vya viwandani, na mara nyingi inakaa huko mwisho wa orodha ya viungo ambako mtu mwenye haraka hafiki. Utaikuta kwenye gochujang nyingi za dukani, ile rojo nyekundu ya pilipili iliyochachushwa, kwenye ssamjang ya kulia nyama choma, hata kwenye doenjang, rojo ya soya iliyochachushwa, za bei ya chini.

Haitiwi ili mtu alewe. Gochujang imechachuka na hamira zake bado zi hai. Zikiendelea kula sukari zinatoa gesi. Kwenye mtungi wa udongo gesi hiyo inajiendea zake, lakini kopo la plastiki lililofungwa litavimba likiwa rafuni. Kiwanda kinatia pombe kidogo, hamira zinanyamaza. Wapo ndugu zetu huku wanaosema kiasi hicho hakifiki popote, na kwamba kitu chochote kilichochachuka hakikosi chembe ya pombe yake chenyewe. Sina ugomvi nao. Mimi kilichotiwa kwa makusudi nakiacha, basi. Gochujang zenye nembo ya halali zipo, ila nyingi zinalengwa soko la nje, Indonesia na Malaysia huko, na kwenye duka la mtaani kwetu sijaiona hata moja. Ukiitaka uagize mtandaoni, au upande basi hadi Itaewon, Seoul, kwenye maduka yaliyouzunguka msikiti mkuu.

Na mimi naishi Jeonju, mji wa bibimbap, wali unaochanganywa na mboga na gochujang. UNESCO iliuingiza kwenye miji yake ya mapishi mwaka 2012, na wenyeji wanaubeba utambulisho huo kwa uzito wote. Hapa ukialikwa kula wali na mboga, gochujang iko mezani kabla hujavuta mto wa kukalia. Kuikwepa kila siku kunachosha, na kumweleza kila mwenyeji wako kwa nini unaikwepa kunachosha zaidi. Ndiyo nikaanza kujitengenezea.

Kwanza tuelewane juu ya ile ya asili, maana bila kuijua hiyo, ya haraka huwezi kuielewa. Inaanzia kwenye meju. Soya zinachemshwa, zinapondwa, zinafinyangwa madonge, zinafungwa kwa nyasi za mpunga na kuning'inizwa mpaka ukungu na bakteria wazipendao wahamie humo. Wao ndio wanaovunja protini za soya na kuleta ule utamu wa supu ya mifupa ambao chumvi peke yake haiwezi kuuleta. Madonge yakishakauka yanasagwa unga. Upande wa pili kuna kimea cha shayiri. Kinalowekwa, maji yake yanachujwa na kupashwa moto taratibu pamoja na unga wa mchele wa kunata. Hapa ndipo ninapopapenda: uji uliokuwa mzito unalegea wenyewe sufuriani na kuwa mtamu bila mtu kutia sukari, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinaugeuza wanga kuwa sukari. Unachemshwa upungue, unapoa, ndipo vinaingia unga wa meju, unga wa pilipili na chumvi, na vyote vinakwenda kukaa kwenye mtungi juani, miezi sita au zaidi.

Kusini mwa Jeonju kuna Sunchang, wilaya iliyojijengea jina kwa kitu hiki kimoja. Kuna kijiji kizima cha watengenezaji, mitungi imepangwa safu safu uani, na kila nyumba inauza yake. Watakusimulia kwamba Yi Seong-gye, kabla hajawa mfalme mwaka 1392, alikula gochujang hapo nyumbani kwa mkulima na ladha yake haikumtoka. Hadithi tamu, ila pilipili asili yake ni Amerika, na Columbus alivuka bahari mwaka 1492. Nimewahi kulisema hilo mezani; niliongezewa wali na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa. Mfalme mwenye ushahidi ni Yeongjo, aliyetawala toka 1724 hadi 1776. Mapenzi yake kwa gochujang yameandikwa kwenye kumbukumbu za ikulu. Pilipili yenyewe iliwafikia hawa watu karibu na zama zilezile Wareno walipoileta pwani yetu, kwa hiyo kwenye suala la pilipili Mkorea na Mswahili wote ni wageni waliojifanya wenyeji.

Ghorofa ya chini yangu anakaa bibi mmoja. Namwita halmoni, yaani bibi, kama wanavyomwita wote mtaani, naye ananiita haksaeng, mwanafunzi, ingawa masomo nilishamaliza na sasa niko kazini. Mitungi yake iko juu ya paa, lile paa la rangi ya kijani linalofanana kwenye kila jengo la Korea. Asubuhi ya jua anapanda polepole, anafunua vifuniko, anafuta kila mdomo wa mtungi kwa kitambaa kibichi kwa mzunguko mmoja bila kuuinua mkono. Juu gochujang imeweka gamba jeusi lililokauka, lenye punje za chumvi. Ukilisogeza kwa mwiko, chini ni nyekundu iliyoiva, inang'aa, na harufu yake inapanda hadi kwenye paji la uso. Likitanda wingu anafunika mwenyewe, hangoji mtu. UNESCO ilipouingiza utengenezaji wa jang wa Korea, yaani rojo na michuzi hii ya kuchachua, kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, Desemba 2024, nilimpelekea habari kwa furaha. Akasema vizuri, kisha akaniambia nishike upande wa pili wa mtungi tuusogeze.

Yake haina pombe, na hunipa. Lakini mtungi wa mtu mzima huufanyi duka lako la jirani, na mimi nyumbani kwangu tunakula pilipili.

Sasa ya haraka. Watu wanaidhania ni ujanja wa kuruka muda, kumbe muda uleule umo ndani yake, umeuazima tu. Kazi ndefu kwenye gochujang ni mbili, kuichachua soya na kuugeuza mchele kuwa sukari, na zote mbili unaweza kuzinunua zimeshafanywa. Ya kwanza ni doenjang. Ya pili ni shira ya mchele, ssal-jocheong, ile ya rangi ya kahawia inayovutika. Unachobaki nacho wewe ni kupasha moto na kukoroga. Ndiyo maana sikubaliani na maelekezo yanayokuambia utumie sukari nyeupe na mchuzi wa soya ukamaliza. Hapo umeazima kwa mtu asiye na kitu.

Doenjang tafuta iliyoandikwa hansik, na usome: iwe soya, chumvi, maji, kwisha. Ina harufu kali kuliko zile laini za viwandani, usiogope. Shira, ukiikosa ya mchele, utaangukia mulyeot, shira ya mahindi, ambayo ni rahisi kwa bei, tamu, na haina lolote la ziada la kusema. Unga wa pilipili uko wa aina mbili madukani: mnene wa kutilia kimchi, kabichi yao ya kuchachua, na laini ulioandikwa ni wa gochujang. Chukua laini. Ukiwa na mnene tu, upitishe kwenye blenda kavu, na usifungue kifuniko palepale, utakohoa mpaka jirani agonge mlango.

Kikombe changu ni cha mililita 200, ndicho wanachopimia huku. Sufuriani natia kikombe kimoja cha maji, kikombe kimoja cha shira, na kijiko cha chakula kimoja cha chumvi. Doenjang, vijiko vitano vilivyojaa, naipitisha kwanza kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko ili vipande vya soya vibaki. Ukivipenda viache, mie sivipendi. Moto mdogo, koroga, ichemke dakika tatu nne mpaka mapovu yawe makubwa na mazito. Zima.

Halafu ngoja. Hapa ndipo maelekezo mengi yanapoharakisha bila sababu. Unga wa pilipili ukiingia kwenye shira inayochemka, wekundu wake unafifia kuelekea kahawia na unabaki uchungu kwa mbali. Subiri hadi sufuria uweze kuishika kwa kiganja bila kushtuka, ndipo utie unga kikombe kimoja na nusu, kidogo kidogo, huku unakoroga kwa mwiko wa mbao. Mwanzoni inakuwa mabonge na utafikiri imekataa. Endelea kukandamiza mabonge kwenye ukuta wa sufuria. Baada ya dakika kama kumi inalainika na kuanza kung'aa, na mwiko ukiuinua inadondoka kwa uvivu, nzito kama uji wa ulezi. Mwisho vijiko viwili vya siki ya tofaa, mahali ambapo Wakorea hutia soju, pombe yao. Siki inaamsha ladha na kusaidia isiharibike upesi. Kama imekuwa ngumu, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja kimoja.

Ukiionja wakati huo utaona unga unaparuza ulimi na chumvi imejitenga na utamu. Iache. Weka kwenye chupa ya kioo iliyokaushwa vizuri, funika, friji. Kesho yake unga umeshakunywa maji, imekuwa nzito zaidi, na siku ya tatu ladha zimeshazoeana. Kwangu haiwahi kukaa zaidi ya mwezi, na sikushauri uiweke nje ya friji, kwa maana chumvi yake ni ndogo kuliko ya mtungini.

Nilimpelekea halmoni bakuli dogo. Akachovya ncha ya tango, akatafuna, akasema ni mchuzi mzuri wa kuchanganyia chakula, lakini gochujang siyo. Ana haki. Ile ya mtungini ina kina ambacho hakiji kwa kuazima, na tofauti utaiona zaidi kwenye mchuzi uliochemshwa. Kwenye jjigae, yaani mchuzi huo mzito, hii ya haraka inapotea, unabaki na wekundu na utamu; huko tumia doenjang na unga wa pilipili, utapata chakula bora zaidi. Kwenye tteokbokki, vipande vya mkate wa mchele kwenye mchuzi wa pilipili, inakuwa nyepesi maana haina mchele wa kunata, labda uikoroge kwanza na kijiko cha unga wake. Lakini kwenye bibimbap, pamoja na mafuta ya ufuta na yai, hakuna aliyewahi kuniuliza ni ya nani.

Na kuna mahali ambapo naipendelea kuliko hata ile ya bibi: pweza. Wakorea nao wanamchemsha, wanamkata vipande vyembamba, wanamchovya kwenye gochujang iliyotiwa siki na sukari wanayoiita chogochujang. Mtu aliyekulia Tanga, akala pweza wa jioni kwa kijiti na kikombe cha pilipili pembeni, hahitaji kufundishwa. Chukua vijiko vitatu vya hii ya haraka, viwili vya siki, kimoja cha sukari, kitunguu saumu punje moja iliyopondwa. Mimi naongeza ndimu, na Mkorea mwenzangu kazini aliyeionja alinyamaza kidogo kisha akavuta bakuli upande wake. Kwa kazi hii ya uchachu na ubaridi, gochujang iliyokaa mwaka mzima ni nzito mno, inamfunika pweza.

Dada yangu aliyeko Dar anataka kuipika na ameniuliza atumie pilipili ipi. Si ile ya unga ya kawaida ya sokoni, jamani. Pilipili ya Korea ni pole, ina utamu wa hoho ndani yake, ndiyo maana wanaweza kumwaga kikombe kizima. Kikombe na nusu cha pilipili kali ya kwetu hakiliki. Nilimwambia atafute pilipili ya Kashmir kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, ina wekundu mzuri na moto wa wastani, na hata hiyo aanze na kikombe kimoja, nusu kilichobaki ajazie paprika. Doenjang akiikosa, miso ya kahawia, rojo ya soya ya Wajapani, inashika nafasi, ila asome kibandiko chake pia. Shira ya mchele aweke asali nyepesi, robo tatu ya kikombe, maana asali ni tamu kuliko shira; ile nyeusi ya msituni itazima kila kitu.

Ameshaipaka kwenye mishkaki na amenirudishia jibu: inaungua haraka kwa sababu ya utamu. Kwa hiyo mwenye jiko la mkaa aichome nyama kwanza kwa chumvi na ndimu, na aipake dakika mbili za mwisho, upande huu, upande ule, aitoe.