Mbuzi wa udhuhia: kutoka mnada wa Msalato hadi mgao

Udhuhia, yaani mnyama wa ibada anayechinjwa Idi ya kuchinja, nimemchinjia nyumbani hapa Dodoma Idi kadhaa sasa. Makosa mengi niliyoyaona yanatokea kabla kisu hakijashikwa.

Mnadani naanza na mdomo wa mbuzi, bei baadaye. Kwa madhehebu ya Shafi, mbuzi awe ametimiza miaka 2. Dalali atakuapia, wewe mfungue mdomo uhesabu meno makubwa ya mbele, taya la chini. Akiwa nayo mawili, bado ni wa mwaka na kitu. Yakifika manne, ndiyo yuko kwenye miaka 2.

Kisha masikio. Wafugaji wa huku huwatia mifugo alama sikioni. Sikio lililotobolewa au kuchanwa tu halina neno, ila likikatwa kipande kikaondoka, mbuzi huyo mwache. Wanunuzi wengi hukagua macho na miguu, hapa wakapitwa. Aliyehasiwa anafaa, tena mimi ndiye ninayemtafuta: hana ule mnuko wa beberu.

Mchinjaji patana naye mapema, kwa fedha. Wengi huomba ngozi au kichwa na miguu kama malipo. Ujira hautoki kwenye udhuhia, na ngozi haiuzwi. Mlipe kwanza, nyama ukimpa iwe zawadi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mfungo Tatu (Dhulhija), siku ya Idi, simpi majani, maji nampa. Tumbo lililojaa hupasuka kirahisi wakati wa kupasua. Kisu ni baada ya swala ya Idi na hotuba mbili. Aliyewahi kabla ya hapo amechinja kitoweo tu, si udhuhia. Na hakuna haja ya kugombania mchinjaji asubuhi hiyo, muda upo hadi jua la tarehe 13 lizame.

Mbuzi huelekezwa kibla, upande wa Makka. Kibla cha Dodoma ni karibu kaskazini kabisa, kinaegemea mashariki kidogo. Mbuzi akilazwa ubavu wa kushoto, kichwa kiwe magharibi, miguu ielekee kaskazini. Shimo la damu liwe tayari chini ya shingo, na kisu kinolewe asikokiona. Bismillahi, Allahu Akbar, kisha koromeo, umio na mishipa miwili ya shingo vikatwe pamoja bila kufika mfupani. Asichunwe mpaka atulie kabisa.

Akishatundikwa, funga umio kwa kamba, kisha chuna kwa ngumi zaidi kuliko kisu. Mkono unaoshika manyoya usiguse nyama, maana harufu hupitia hapo. Nyongo naitoa pamoja na kipande cha ini. Ikipasuka, uchungu hauoshwi ukatoka. Tundika nyuma ya ukuta: miaka hii Idi inaangukia kiangazi, na upepo wa Dodoma hauji bila vumbi.

Mbuzi wa kilo 30 hunipa kama kilo 13 za nyama na mifupa. Natumia mizani, mafungu matatu: nyumbani, jamaa na majirani, maskini. La maskini linatoka bichi. Pilau pika kwa fungu lako.