Kijiti Kilichosema Imejaa

Nilifika nyumbani Kibosho jioni ya tarehe 21 Desemba 2017, na kabla hata sijatua begi nikaambiwa gari limekufa. Mama ndiye aliyesema. Baba alikuwa kibarazani, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, na hakuongeza neno.

Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Hilux ya milango minne, ya dizeli, gia otomatiki. Kwetu mlimani wengi hawaitaki pikapu ya otomatiki. Wanasema ikiharibika haina fundi. Baba naye alikuwa akisema hivyo hivyo mpaka mwaka 2013, alipoanguka kutoka kwenye ngazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa alichokuwa fundi mitambo, na goti la kushoto likakataa kukunjika. Goti lisilokunjika halikanyagi klachi. Alipostaafu akanunua hiyo Hilux kwa mtu aliyekuwa anahama Moshi, akaanza kushusha ndizi za majirani soko la Mbuyuni na kupanda na pumba na majani ya ng'ombe. Gari lile lilimtoa nyumbani kila asubuhi kama mtu mwenye kazi. Ndiyo maana jioni ile alikuwa kimya vile.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi akiweka D, gia ya kwenda mbele, gari halijibu. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linashika kwa teke. Kwenye kona kali ya kupandia kwetu, likiwa na mzigo, injini inanguruma na gari haliongezi mwendo, kama mtu anayekimbia kwenye utelezi. Gereji moja mjini walilizungusha uwanjani mara moja, wakasema giaboksi imekwisha, itafutwe ya mtumba, na kazi yote ni milioni moja na laki sita. Hawakufungua chochote. Hawakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mzee aliwaamini na akaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza.

Mimi wakati huo nilikuwa natunza stoo ya kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam. Miaka mitatu nilikuwa nagawa oili, filta na gasketi kwa mafundi, na fundi mkuu wa pale hakuruhusu giaboksi ihukumiwe kabla oili yake haijaonwa. Gari la gia za kawaida, alikuwa akitufundisha, oili kazi yake ni kulainisha meno tu. Otomatiki ni kitu kingine: oili ndiyo inayopokea nguvu ya injini ndani ya toku konveta, lile duara lililo kati ya injini na giaboksi, ndiyo inayobana zile klachi za ndani ili gia ishike, na ndiyo inayobeba joto kwenda kupozwa kwenye rejeta. Ikipungua, pampu inavuta hewa, mgandamizo unashuka, klachi zinateleza na kuungua. Mlimani ndiyo mbaya zaidi, maana ile kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampo, bakuli la bati la oili chini ya giaboksi.

Kwa hiyo asubuhi nilimuuliza Baba habari ya oili.

"Napima kila siku, mama," akasema. Baba huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Kila asubuhi kabla sijawasha. Imejaa."

Akaniletea daftari lake. Tarehe, kilomita, oili ya injini, maji ya rejeta, na safu ya mwisho, oili ya giaboksi. Miaka miwili ya mwandiko wake mzuri wa kiwandani, na kwenye safu ile ya mwisho neno moja kila mstari: imejaa, imejaa, imejaa.

Nilijua tatizo liko wapi niliposikia maneno "kabla sijawasha", na nikasimama pale na daftari mkononi nikitafuta namna ya kusema. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, na Baba alikuwa ameipima hivyo maisha yake yote. Lakini kwenye giaboksi kama ile, injini ikilala usiku kucha, oili iliyokuwa juu, kwenye toku konveta na kwenye njia zake, inarudi polepole kwenye sampo. Kijiti kinaoga. Kinasoma imejaa hata kama imepungua sana. Kipimo cha kweli ni injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa tambarare, oili ikiwa ya moto, baada ya kupitisha gia zote.

Sikuweza kumwambia. Nilimwomba tu tulisogeze gari kwenye sakafu ya saruji tunayoanikia mahindi, maana uani kwetu hapo ndipo penye usawa. Tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikavuta hendibreki, nikakanyaga breki, nikawasha. Tuliliacha lipate joto. Kisha nikapitisha gia zote: P, R, N, D, 2, L, kila mahali nikisubiri kidogo, halafu nikarudi mpaka P. Injini ikiwa bado inawaka nikamwambia, "Baba, chomoa sasa."

Akachomoa. Akafuta kwa kitambaa, akarudisha, akachomoa tena. Akafanya hivyo mara tatu. Ncha ya kijiti ilikuwa na tone moja jeusi, basi. Alikiinua juani akakitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ina maana miaka yote hii nilikuwa napima wakati siyo."

Nikajibu, "Ulikuwa unapima, Baba. Ndiyo maana tunajua mengine yote ni mazima." Sikuwa nambembeleza. Mtu aliyejaza daftari lile hakuwa mzembe.

Baada ya hapo aliinuka na kushika kazi, na siku ikawa nyingine kabisa.

Nilishuka mjini kwa bodaboda kwenda maduka ya spea. Kwenye kijiti palikuwa pamechongwa aina ya oili, ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, ya Dexron, nami nikaitaja hivyo hivyo dukani. Muuzaji wa kwanza akanitolea dumu lisilo na lebo, akasema ni haidroliki, zote ni moja, si unaona ni nyekundu? Wekundu ni rangi tu inayotiwa ili uitofautishe na oili ya injini. Oili mbili nyekundu zinaweza kutofautiana uzito na namna zinavyoziacha klachi zishike. Nikaenda duka la tatu, nikapata Dexron III kwenye kopo zenye kizibo ambacho hakijafunguliwa. Nikanunua lita nane na gasketi ya sampo.

Hilux iko juu, hivyo sikuhitaji jeki. Nilitandika magunia nikaingia chini, na Baba akakaa kwenye kigoda pembeni akinipa spana kama muuguzi. Nati ya kumwagia ilipolegea, oili ilitoka kahawia iliyokolea, yenye harufu ya kuungua. Niliikinga kwenye beseni, kisha tukaimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, kwa sababu kilichotoka lazima ukijue kwa kipimo. Zilijaa chupa mbili kasoro robo, pamoja na ile iliyotoka tulipofungua sampo. Kidogo mno.

Sampo inashikwa na boliti ndogo za spana namba 10 zilizozunguka pande zote. Upande wa nyuma zilikuwa zimekazwa kwa nguvu za trekta, na mdomo wa bati ulikuwa umebonyea kila penye tundu. Kumbe hapo ndipo oili ilipokuwa inapenya, tone kwa tone, ikinaswa na vumbi kabla haijafika chini. Mtu aliona unyevu, akakaza. Ukizidi kuvuja akazidi kukaza, na kila alipokaza bati likazidi kujikunja.

Ndani ya sampo kuna sumaku za duara. Hizo ndizo nilizokuwa naziogopa. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho vingemaanisha gereji walisema kweli. Nilizitoa nikampa Baba. Akazisugua kati ya vidole, zimejaa tope la kijivu, laini kama risasi ya penseli. Akasugua tena, akitafuta chenga.

"Hakuna," akasema. "Hii ni chuma iliyosagika kwa kazi. Hata mashine zetu kiwandani zilikuwa na hii."

Tope hilo ni la kawaida kwa giaboksi iliyofanya kazi miaka mingi. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuamini.

Mdomo wa sampo aliunyoosha yeye. Nimeona mafundi wengi, lakini sijaona mkono kama ule. Alilaza bati juu ya gogo la mgrivelia, akagonga kila tundu kwa nyundo ndogo, pigo jepesi, anageuza, anagonga. Kisha akaagiza kioo cha dirisha kilichokuwa stoo, akaupindua mdomo wa sampo juu yake na kutazama mwanga unaopita chini. Akagonga tena. Ilimchukua karibu saa mbili. Mama alileta mtori, ukapoa mkononi mwake, hakuna aliyekula. Mwanga ulipokosa pa kupita ndipo akasema nifunge. Chujio la waya tuliliosha kwa petroli tukalikausha. Boliti nilizikaza kwa kupishana, huku na huku, kwa kiganja tu kwenye shingo ya spana, huku yeye akinikataza kila nilipotaka kuongeza.

Nilijaza kupitia tundu la kijiti, kwa faneli yenye mpira mwembamba: kwanza kiasi kile kile kilichotoka, nikawasha, nikapitisha gia, nikampa Baba apime. Bado. Nusu lita. Bado. Nusu lita nyingine. Tuliongeza kwa kusitasita, maana ikizidi nayo inatoa povu na madhara ni yale yale. Ilipokubali alama ya baridi tukateremka mpaka mjini na kurudi, Baba akiendesha. Nilimwonyesha kitufe cha O/D, cha kuruhusu gia ya nne, ubavuni mwa mkono wa gia, akizime anapopanda na mzigo ili gari lisihangaike kati ya gia ya tatu na ya nne na kuchemsha oili. Kwenye kona yetu gari lilipanda bila kuteleza. Hakusema kitu, alikohoa tu. Juu, kwenye sakafu ya mahindi, injini ikiwaka, kijiti kilisoma ndani ya alama ya moto. Kwa jumla tuliongeza lita moja na nusu zaidi ya ile tuliyomwaga.

Oili chafu Baba aliitaka kwa nguzo za zizi, mchwa haugusi. Nilikubali kwa sharti kwamba isikaribie mfongo, mfereji wetu wa maji, kwa kuwa maji yale yananywesha vihamba, mashamba ya nyumbani, vya watu wengi chini yetu.

Tarehe 29 tulimwaga tena, kwani mara ya kwanza sehemu kubwa ya oili ya zamani hubaki kwenye toku konveta na haitoki kwa nati ya chini. Safari hii ilitoka rangi ya chai ya rangi. Sampo ilikuwa kavu pande zote.

Nilitakiwa kuondoka tarehe 30 alfajiri. Nikiwa bado kitandani nilisikia injini ikiwashwa uani na kuachwa ipate joto. Halafu gia: mlio mdogo, kimya, mlio, kimya, mpaka chini, na kurudi mpaka juu. Boneti likafunguliwa. Nikangoja. Kisha nikasikia Mama akiulizwa kalamu iko wapi.